Gharama ya mabadiliko ya tabianchi kwa serikali zetu: imejificha kwenye mafungu gani ya bajeti?

Mtoa mada

Wanajamvi, habari za wakati huu.

Kila mwezi Juni hotuba ya bajeti inaposomwa hapa Dodoma, mjadala wetu hugeukia kodi ya hiki na tozo ya kile, na ni haki yetu, kwa kuwa hizo ndizo zinazotugusa mfukoni moja kwa moja. Ipo hata hivyo gharama ambayo haina fungu lake kwenye vitabu vya bajeti, haitajwi kwa jina katika taarifa za mapato na matumizi za halmashauri, na bado inalipwa kila mwaka. Nazungumzia mabadiliko ya tabianchi na mfuko wa serikali katika nchi zinazoendelea. Hoja yangu ni kwamba maafa makubwa yanayotangazwa kwenye taarifa ya habari ni sehemu tu ya gharama hiyo. Sehemu nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa zaidi, imejificha ndani ya ushuru wa mazao, matengenezo ya barabara na umeme, na mara nyingi huanza kubebwa na halmashauri kabla Hazina haijaanza kuihisi.

Nianze na ushuru wa mazao, kwa sababu huko ndiko mambo yanakoonekana wazi zaidi. Mkoa wetu hupata wastani wa milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Mkulima wa Chamwino au Bahi akiukosa msimu huo, hana vuli wala masika nyingine ya kumfidia. Katika wilaya zisizo na viwanda vikubwa wala hoteli za watalii, ushuru wa alizeti, mtama, karanga na mahindi, pamoja na ushuru wa minada ya mifugo, ni miongoni mwa nguzo za mapato ya ndani.

Sasa angalieni kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Mvua zikikatika mwezi Februari, mavuno ya Mei na Juni hupungua, na halmashauri hufunga mwaka ikiwa chini ya lengo. Lakini mazao ya msimu huohuo huendelea kuuzwa Julai, Agosti na Septemba, kwa hiyo mwaka unaofuata nao huanza na pengo. Ukame mmoja unaharibu bajeti mbili. Kibaya zaidi, makisio ya mwaka huo wa pili huwa yameshapitishwa na baraza la madiwani kabla mtu yeyote hajajua mvua zitaishia wapi, kwa hiyo mweka hazina anaanza Julai na lengo ambalo shamba lilikwisha kulikataa miezi mitano nyuma.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho asimame kwenye geti la ushuru katika njia ya kwenda soko la nafaka la Kibaigwa. Mwaka wa mavuno mazuri Fuso zinapanga foleni, na mkusanyaji anachapa risiti kwenye mashine ya POS mpaka karatasi inamwishia. Mwaka mbaya mashine ileile iko juu ya meza ileile, na wanaopita ni watu wa baiskeli na bodaboda wenye gunia moja au mawili. Mwaka 2017 ushuru huu ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi usiozidi asilimia 3, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa. Msamaha ule ulikuwa wa haki kwa mkulima mdogo na mimi sitaki urudishwe nyuma. Nasema tu kwamba katika mwaka wa ukame sehemu kubwa zaidi ya mizigo huwa midogo, kwa hiyo mapato yanaweza kushuka kwa kasi kuliko mavuno yenyewe.

Wakati huohuo matumizi yanapanda. Bei ya mahindi ilipopaa mwaka 2022 na mwanzoni mwa 2023, serikali ilipeleka mahindi ya NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, katika halmashauri mbalimbali yauzwe chini ya bei ya soko. Tofauti ya bei ile ni ruzuku, pamoja na gharama ya usafiri, upakiaji na ghala. Kwenye vitabu inasomeka kama shughuli ya hifadhi ya chakula, na hakuna anayeandika pembeni kwamba ni bili ya mvua zilizokatika.

Tukija kwenye miundombinu, mfano wetu wa kudumu ni reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe. Njia ile ilijengwa na Wajerumani kando ya mto unaokusanya maji ya sehemu kubwa ya Mpwapwa, na mto huo kila baada ya misimu kadhaa huidai njia yake. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliisomba reli na kusimamisha safari kwa miezi. Hapo hesabu ya serikali haikuishia kwenye kokoto na mataruma. Shirika la reli lilipoteza mapato, mzigo ukahamia kwenye malori, na malori yakaongeza uchakavu wa barabara kuu ambayo nayo hutengenezwa kwa fedha za umma. Hasara moja ikaingia kwenye vitabu vya taasisi tatu, kila moja ikiandika kipande chake.

Barabara za vijijini zina hadithi yao, na hiyo ndiyo inayonisikitisha zaidi. Ukipita njia za ndani baada ya mvua kubwa, utakuta kalvati limesimama zima kabisa katikati ya korongo, zege halina hata ufa, lakini tuta la barabara pande zote mbili limeondoka na maji yamejichongea njia mpya pembeni. Fedha iliyojenga kalvati haikuibwa wala haikupotea, ila barabara haipitiki, na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, inatakiwa kutafuta fedha nyingine katikati ya mwaka. Tangu Julai 2021 kuna shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli iliyoongezwa kwa ajili ya barabara hizo, na imesaidia sana. Lakini fedha iliyopangwa kufungua barabara mpya inapotumika kurudisha ile iliyosombwa, kijiji kilichokuwa kwenye foleni kinasubiri tena, na katika taarifa kitaandikwa kuwa mradi "umeahirishwa".

Kuhusu umeme nitasema kwa kifupi, ingawa fedha zake ni nyingi. Bwawa la Mtera, lililopo mpakani mwa Dodoma na Iringa, linaendesha mitambo ya megawati 80 na kuhifadhi maji yanayoendesha megawati 204 za Kidatu. Kiwango chake cha chini cha kuzalisha umeme ni mita 690 kutoka usawa wa bahari. Ukame wa 2006, na tena wa 2011, ulilibana bwawa hilo kiasi kwamba nchi ikaingia kwenye mgawo na kukodi mitambo ya dharura ya mafuta na gesi. Kodi ya mitambo, bei ya mafuta na madeni ya TANESCO kwa wazalishaji binafsi viliendelea kuisumbua Hazina miaka kadhaa baada ya mvua kurudi. Deni la shirika la umma halionekani kama deni la serikali mpaka siku shirika linaposhindwa kulipa.

Wanaodhani mvua za Kongwa ni jambo dogo kwa mfuko wa serikali wakumbuke kwamba Hazina ya Uingereza yenyewe iliwahi kuangushwa pale. Mpango wa karanga ulioanza 1947 na kuachwa 1951 uliwagharimu Waingereza pauni zaidi ya milioni 36, na miongoni mwa sababu ni mvua haba na udongo unaokuwa mgumu kama tofali wakati wa kiangazi. Hayo hayakuwa mabadiliko ya tabianchi. Yalikuwa makisio ya mavuno yaliyoandikwa na watu wasioijua mvua ya mahali. Nahofia kwamba makisio ya mapato yanayotegemea wastani wa mvua za miaka ya nyuma yanaelekea njia hiyohiyo.

Karibuni tujadili.

Mzee wa Kibaigwa

Mtoa mada, nimekusoma mpaka mwisho. Mimi ni mtu mzima, na Ugogo tunaoujua sisi una ukame tangu enzi za babu zetu. Njaa zina majina, na wazee wanahesabu umri kwa hizo. Sasa kila kitu kinaitwa tabianchi. Wasiwasi wangu ni kwamba tunawapa watendaji kisingizio. Barabara ikijengwa chini ya kiwango ikasombwa, tutaambiwa ni tabianchi. Fedha za dharura zikiliwa, tutaambiwa ni tabianchi. Naomba ujibu hilo kwanza.

Mtoa mada

Shikamoo mzee wangu. Hoja yako ni nzito na ninaikubali kwa sehemu kubwa.

Ni kweli kwamba ukame hapa ni wa zamani, na hakuna mtaalamu makini anayeweza kulitazama korongo moja lililofurika akasema hili ni la hewa ukaa na lile ni la kawaida. Kwa Hazina, hata hivyo, swali ni jingine: je, makisio ya mapato na viwango vya ujenzi bado vinalingana na mvua tunazopata? Mwezi Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge, hapahapa Dodoma, kwamba mvua za El Nino za msimu ule zilikuwa zimesababisha vifo vya watu 155 na kuathiri watu takribani 200,000. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Mei, kimbunga Hidaya kikafuata, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika eneo la Somanga. Kabla ya hapo, Desemba 2023, kulikuwa na maporomoko ya tope ya Hanang. Matukio matatu ndani ya mwaka mmoja wa fedha, na kila moja lilihitaji fedha ambazo zililazimika kutoka kwenye shughuli nyingine au kwenye akiba.

Kuhusu kisingizio, ningeongeza kwamba hatari ni kubwa kuliko ulivyosema. Dharura ndiyo mahali ambapo taratibu za manunuzi hulegezwa. Mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond wa mwaka 2006 ulizaliwa na ukame. Kamati Teule ya Bunge iliuchunguza, na Februari 2008 Waziri Mkuu akajiuzulu. Kwa hiyo uzembe na rushwa ni sehemu ya gharama hii, kwa sababu ukame huleta haraka, na haraka hufungua mlango ambao siku za kawaida umefungwa.

Mhandisi wa Ihumwa

Naomba kuchangia upande wa ujenzi. Kalvati husanifiwa kwa kukadiria mafuriko makubwa yanayotarajiwa kutokea mara moja katika idadi fulani ya miaka, na makadirio hayo yanatokana na kumbukumbu za mvua zilizopita. Mvua ya siku nzima inaposhuka kwa saa mbili, bomba lililotosha zamani halitoshi tena, maji yanapanda juu ya barabara na kula tuta pembeni. Tiba yake inajulikana: mabomba makubwa zaidi, au drifti ya zege inayoruhusu maji kupita juu, pamoja na kuta za kuongoza maji na mawe ya kukinga kingo. Tatizo ni kwamba bajeti ya kalvati moja la kisasa ni sawa na bajeti ya makalvati mawili ya zamani, na diwani anataka mawili.

Nishukuru pia mtoa mada hakusahau reli, ila nimwambie kwamba mvua kubwa haziji na hasara tupu. Maji yanayonywewa na jiji hili kwa sehemu kubwa hutoka visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na vipimo vya kina cha maji vilivyowekwa pale tangu miaka ya 1950 vinaonyesha kwamba bonde hujazwa hasa na misimu michache yenye mvua nyingi sana, ukiwemo ule wa El Nino wa 1997/98. Mvua inayoisomba reli ya Gulwe inaweza kuwa ndiyo inayotuokoa na mgawo wa maji.

Mtoa mada

Mhandisi, hilo la Makutupora ni la thamani, na linaonyesha kwa nini hesabu hizi ni ngumu: faida inaingia kwa mamlaka ya maji kimyakimya, miaka kadhaa baadaye, wakati hasara inaingia kwa TARURA wiki hiyohiyo.

Kijana wa Kisasa

Kaka, mimi nina swali moja. Si tunasikia kuna fedha za kimataifa za tabianchi? Kila mwaka kuna mkutano. Na kama ni maafa, kwa nini serikali isikate bima tu, kama sisi tunavyokatia bodaboda?

Mtoa mada

Mdogo wangu, maswali yako ni mawili na yote yana majibu marefu, kwa hiyo univumilie.

Fedha zipo, lakini uangalie zinakuja kwa umbo gani. Mwaka 2009 kule Copenhagen nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kila mwaka kufikia 2020, na kwa hesabu za OECD, jumuiya ya nchi hizo tajiri, ahadi hiyo ilitimia 2022, sehemu kubwa ikiwa mikopo. Mfuko wa hasara na uharibifu ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, na Dubai mwaka uliofuata ukapata ahadi za mwanzo zinazokaribia dola milioni 700 kwa nchi zote zinazoendelea. Pakistan peke yake, katika mafuriko ya 2022, ilikadiriwa kupata uharibifu na hasara ya dola bilioni 30. Sisi Tanzania, katika mpango wa kitaifa tuliouwasilisha 2021, tulisema tunahitaji takribani dola bilioni 19 kufikia 2030. Kwa viwango vya kubadilisha fedha vya karibuni, kiasi hicho kinakaribia bajeti nzima ya serikali ya 2024/25, iliyokuwa shilingi trilioni 49.35.

Juni 2024 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha kwa Tanzania takribani dola milioni 786 chini ya dirisha lake la ustahimilivu. Masharti yake ni nafuu kweli, kwani marejesho ni ya miaka 20 na muda wa neema ni miaka kumi na nusu, na mageuzi yanayodaiwa yana maana. Lakini ni mkopo, na unaingia kwenye deni la taifa. Msumbiji, baada ya kimbunga Idai cha Machi 2019, ilipewa na shirika hilohilo dola milioni 118 za dharura zisizo na riba, nazo zilikuwa mkopo, kwa nchi iliyokwisha kuzidiwa na madeni. Utafiti wa vyuo vya London uliotolewa 2018 ulikadiria kwamba nchi zilizo hatarini kwa tabianchi hulipa riba ya juu kwa wastani wa asilimia 1.17 kwa sababu ya hatari hiyo tu. Ukiunganisha mambo haya mawili unaona mduara: hatari inapandisha riba, maafa yanaongeza mkopo, na mkopo unapunguza fedha ya kujenga drifti za Mhandisi.

Bima nayo ipo. Umoja wa Afrika una chombo kinachoitwa African Risk Capacity ambacho huuzia serikali bima ya ukame. Hailipi kwa kwenda kuhesabu mashamba yaliyokauka. Inalipa pale takwimu za mvua zinapoonyesha, kupitia mfumo wa kompyuta, kwamba idadi ya walioathirika imevuka kiwango kilichowekwa. Malawi ilikata bima hiyo kwa msimu wa 2015/16. Ukame ukaja, serikali ikatangaza maafa, lakini mfumo ukasema hakuna malipo. Ulipochunguzwa, ikabainika kwamba ulidhani wakulima wanapanda mahindi ya muda mrefu, kumbe wengi walikuwa wameshahamia kwenye mbegu za muda mfupi ambazo ziliungua katika wiki tofauti. Malipo ya takribani dola milioni 8 yalifika mwanzoni mwa 2017, wakati njaa ilikuwa imeshafanya kazi yake. Kwa hiyo mimi sipingi bima. Ninachosema ni kwamba ifae kwa mwaka ule mbaya kupindukia, na kwamba anayeijaza ile kompyuta awe amekaa na maofisa ugani wa Kongwa na kuuliza ni mbegu gani watu wanapanda. Hasara zinazorudi kila msimu hazifai kukatiwa bima, kwa sababu ada yake itakuwa karibu sawa na hasara yenyewe. Hizo zinataka fungu la kudumu la matengenezo.

Diwani, Mpwapwa

Nimefuatilia uzi huu kwa makini, ndugu mtoa mada, na nashukuru kwa lugha inayoeleweka. Kikao chetu cha bajeti kinakuja. Nikiwa mjumbe wa kawaida, si mtaalamu wa fedha, niulize nini ili hii gharama iliyojificha ionekane?

Mtoa mada

Mheshimiwa Diwani, asante kwa kuuliza. Mimi ningeanza kwa kuomba jedwali la uhamisho wa fedha kati ya mafungu kwa miaka mitano iliyopita, likionyesha fedha zilitoka wapi, zilikwenda wapi na mwezi gani. Ukiona fedha nyingi zimehama kati ya Januari na Aprili kwenda kwenye barabara, maji au ukarabati wa madarasa yaliyoezuliwa, hapo ndipo mvua ilipochukua bajeti yako, hata kama hakuna aliyeiandika hivyo. Uliza pia miradi iliyonyang'anywa fedha hizo ilirudishiwa lini, na kama kuna mkandarasi ambaye hati yake ya madai imekaa mpaka ikaanza kuzaa riba ya ucheleweshaji, kwa kuwa riba hiyo nayo ni sehemu ya gharama.

Kwenye mapato, mwombe mweka hazina aweke ushuru wa mazao wa kila mwaka sambamba na mvua ya msimu uliotangulia. Vipimo Mamlaka ya Hali ya Hewa inavyo. Kisha pendekeza makisio yawe na hali mbili, ya msimu wa kawaida na ya msimu mbovu, pamoja na orodha iliyokubaliwa mapema ya miradi itakayosubiri endapo mvua zitakatika. Mtaivutania sana orodha hiyo, najua, kwa sababu kila kata itataka mradi wake uwe wa mwisho kuguswa. Ila ni afadhali mvutano huo ufanyike Februari mbele ya baraza zima kuliko mtu mmoja kuamua mwezi Mei akiwa ofisini.

Na kwa barabara, mwambie meneja wa TARURA awaletee orodha ya makalvati yaliyotengenezwa zaidi ya mara moja mahali palepale. Jumlisha gharama za matengenezo hayo, halafu ulinganishe na bei ya drifti moja ya zege.